Uzi wa Kofia

Kazi yangu ilikuwa kuzoa maranda.
Kila Alhamisi, baada ya chuo,
karakana ya baba, Langoni, kichochoro cha tatu
ukihesabu toka kisima cha msikiti,
mlango wa mfenesi umelazwa juu ya vibao
kama mgonjwa anayepimwa,
na mimi, miaka saba, na gunia.
Maranda ya kwetu. Vipande vya Bi Mwanasha,
akaangie mahamri.

Kile kipande kilikuwa na pua.
Sikuichonga mimi, sitadanganya.
Fundo la mti, na ufa chini yake;
ukikigeuza hivi, mtu anataka kupiga chafya.
Nikakificha mtandioni.
Siku ile moto wa Bi Mwanasha ulipungua
kwa kiasi cha kichwa kimoja.

Mwili: kumbi la nazi. Mikono: vijiti vya mishikaki.
Mguu wa kulia, mpini wa upawa uliovunjika;
wa kushoto sikuupata wa kulingana nao.
Nikamwita Kombo,
kwa mwendo wake na kwa alikotoka.

Uzi ndio ulionitia dhambini.
Shangazi Kupona alikuwa na kofia mkononi,
kofia ya ami Famau, ya Idi,
mwezi wa nne huo, tundu kwa tundu,
na uzi wa hariri, rangi ya samli,
umelala mkekani unaniangalia.
Nikakata pima moja.
Kisha nyingine.

Usiku wa kwanza Kombo alikataa.
Nikivuta, anaruka. Nikivuta tena, anajinyonga,
miguu hewani, kichwa kwapani.
Umeme umekatika, tuko darini,
Lali ndugu yangu ameshika kurunzi.
"Huyu amekufa," akasema, "mzike."
Nikachoka. Mkono ukashuka wenyewe,
na Kombo akakunja magoti,
akaketi.
Akaketi kama mtu aliyetoka mbali,
akainamisha ile pua, akitafuta pa kuanzia.

Hapo ndipo. Sina neno jingine.
Kitu kilipanda toka kidoleni hadi kisogoni,
na sauti, si yangu, ikapitia puani mwangu:

*Mimi sina baba mama,*
*ni kipande cha kuchoma;*
*ukilegeza nasema,*
*ukivuta nanyamaza.*

Lali akaangusha kurunzi.
Tukabaki gizani sote watatu.

Baba alimwona kesho yake. Nikangoja kofi.
Baba, mtu wa maneno matano kwa siku,
na mengi katika hayo ni bismillahi,
akampindua, akampapasa shingo,
akachukua keekee, akatoboa,
akapitisha msumari mwembamba kama mwiba wa samaki.
"Shingo haikai hivyo."
Akarudi kwenye mlango wake.
Kombo akageuka kushoto,
akaona kwa mara ya kwanza
kwamba dunia ina ubavu.

Leo wako arubaini na mmoja ukutani kwangu:
kadhi, mkunga, punda wawili wasiosemezana,
mwari anayecheka kabla ya wakati.
Shule zinaniita, toka Mpeketoni hadi Faza.
Vidole vimeanza kuniuma miezi ya baridi,
na bado lile la kulegeza sijalihitimu.
Wengi nimewavuta
nilipopaswa kushusha mkono.
Mume mmoja. Hilo tuliache.

Ile kofia shangazi aliimalizia kwa uzi wa duka jingine,
weupe uliochacha kidogo, juu ya sikio la kushoto.
Ami Famau akaivaa Idi baada ya Idi,
wala hakuuliza, au aliuliza nami sikuwepo.
Shangazi hakunigombeza hata siku moja.
Ila kila nilipoingia kwake,
hata miaka ile ya kitandani,
majina ya wanawe yamekwisha kumtoka,
alinitazama, akanyoosha kiganja:
"Na uzi wangu?"